Akiomba Kutoka, Mwache Atoke

Siku hiyo nilikuwa na vipindi viwili mfululizo vya Baiolojia, kidato cha tatu, mada ya uzazi. Dakika 80. Nilikuwa nimeshachora mfuko wa uzazi ubaoni kwa chaki nyekundu, mirija huku na huku, nikawa naeleza jinsi ukuta wa mfuko unavyonenepa kila mwezi na kubomoka pale yai lisiporutubishwa. Damu hutoka siku 3 hadi 7, nikasema, andikeni. Msichana mmoja wa mstari wa tatu, upande wa dirishani, akanyoosha mkono.

"Madamu, naomba kutoka."

Nikamjibu bila kugeuka: subiri kengele.

Alisubiri. Kengele ilipolia wenzake wote walitoka, akabaki yeye na rafiki yake, huyu amesimama nyuma ya huyu, wamegandana. Walipopita mlangoni sweta lilikuwa limefungwa kiunoni, na jua la siku hiyo halikuwa la kumfanya mtu abebe sweta. Nilipozunguka kukusanya madaftari nikakiona kiti. Kilikuwa kimefutwa kwa karatasi zilizochanwa kwenye daftari, karatasi za daftari hazifyonzi, na alama ilikuwa imetambaa mpaka kwenye ukingo wa mbao.

Ile damu niliyokuwa naichora ubaoni ilikuwa inamtoka mtoto hatua nne kutoka niliposimama. Na aliyemzuia mlangoni ni mimi, mwanamke, mwalimu wa Baiolojia.

Sheria niliyokuwa naifuata wengi mnaijua. Huwa haijaandikwa popote, inarithiwa tu, mwalimu mgeni anaikuta na kesho yake anaisimamia: wakati wa kipindi hakuna kutoka. Kwenye shule nyingine inaenda mbali zaidi. Vyoo vinafungwa kwa kufuli ili visichafuliwe, ufunguo unatundikwa ofisini, umefungwa kwenye kipande cha mti chenye urefu wa mkono ili usipotee. Hebu fuatana na binti wa miaka 14. Anyooshe mkono mbele ya wenzake 60. Aulizwe, "Unaenda kufanya nini?" Akubaliwe. Aende ofisini, asimame mlangoni, amwombe ufunguo mwalimu wa zamu, ambaye siku hiyo ni kijana wa kiume aliyeripoti mwezi uliopita. Avuke uwanja wa mstarini ameshika lile gogo, apite chini ya madirisha ya kidato cha nne. Kisha arudi nalo njia ile ile. Wasichana wengi wakiupiga hesabu msafara huo wanaona heri kukaa juu ya damu.

Na ukikaa nao utajua dalili. Binti ambaye kila siku hujibu maswali, leo ukimwambia "simama ujibu" anainama tu. Unadhani ni kiburi. Mwingine anakalia upande mmoja wa paja. Mapumzikoni anamvuta mwenzake nyuma ya darasa, "niangalie nyuma," na mwenzake anamwangalia mara moja haraka kisha anatikisa kichwa.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo tunapojidanganya. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayetembea umbali mrefu anavaa pedi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mapumziko ya kwanza ni saa nne. Hapo zimeshapita saa nne na nusu, na kwenye siku mbili za mwanzo, damu inapokuwa nyingi, pedi huwa imeshajaa zamani. Sasa njoo chooni. Mwongozo wetu wa taifa wa vyoo vya shule, hapa Tanzania, unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ikitimiza uwiano huo, na ziko nyingi ambazo hazijautimiza, mapumziko ya dakika 30 yanampa kila msichana dakika moja na nusu. Ndani ya hiyo dakika na nusu avue, abadilishe, anawe kwa maji ya kopo, atafute pa kuweka ile chafu, huku rafiki akimshikia mlango kwa nje kwa sababu komeo liling'oka. Halafu tunamwambia, "Si ulikuwa na mapumziko? Ulikuwa wapi?"

Swali jingine tunalopenda ni "Kwa nini hukujiandaa?" Hili kwa mwalimu wa sayansi ni aibu zaidi. Miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko haujatulia. Mwezi huu unaweza kuja baada ya siku 21, ujao baada ya 45. Mtoto hana tarehe ya kujiandalia.

Tumeshabishana sana nchini humu kuhusu pedi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, tukashangilia. Mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka, tukanuna, na mimi nilinuna kwelikweli, kwa sababu dawa ya mfanyabiashara aliyekula nafuu ya mtoto ni kumbana mfanyabiashara. Kila tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, maboksi ya pedi yanaletwa shuleni, picha zinapigwa. Siyabezi maboksi hayo hata kidogo. Nimekutana na mabinti wanaotumia vipande vya kanga na sponji la godoro, najua pakiti moja ina maana gani kwao. Lakini pedi iliyo ndani ya begi haifyonzi kitu. Kati ya begi na mwili wa mtoto kuna mlango wa darasa, na kwenye mlango huo amesimama mwalimu. Kumsogeza mwalimu hakuhitaji bajeti, wala mfadhili, wala kikao cha bunge.

Wenzetu Kenya waliondoa kodi hiyo tangu 2004, na Juni 2017 wakafika hatua ambayo sisi hatujaifikia: walirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili serikali imgawie bure sodo, yaani pedi, kila msichana wa shule ya umma aliyebalehe. Sheria nzuri, naitamani hapa kwetu. Septemba 2019, sheria hiyo ikiwa na miaka miwili, msichana wa miaka 14 katika Kaunti ya Bomet alichafuka sare akiwa darasani. Kwa maelezo ya mama yake kwa vyombo vya habari, mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje ya darasa. Mtoto yule alirudi nyumbani na akajitoa uhai. Ilikuwa hedhi yake ya kwanza.

Nimeiwaza habari hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Sheria ilikuwepo, pedi haikumfikia, na mtu mzima wa pekee aliyekuwa karibu naye saa ile hakuwa kimbilio.

Tusiseme basi kwamba ni mambo ya shule za vijijini. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia kwenye Seneti ya Kenya akiwa na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akatolewa nje akabadilishe. Mwezi huo huo wanafunzi wa shule kadhaa Uingereza waliandamana ndani ya viwanja vya shule zao wakipinga vyoo kufungwa wakati wa vipindi, na suala la wasichana walio kwenye hedhi lilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Wale wana maji ya bomba na vyoo vya kuvuta. Kinachotufananisha nao ni ufunguo.

Nikileta hoja hii ofisini najibiwa vizuri tu, na walimu ninaowaheshimu. Wanasema ukifungua mlango, wavulana wataenda kuvuta sigara, wengine watachezea simu, wakikuona na karatasi za jaribio nusu ya darasa litaumwa tumbo. Ni kweli wapo. Ila ukifundisha darasa wiki mbili unawajua kwa majina, na hawazidi vidole vya mkono mmoja. Hao waite, zungumza nao, waandikie wazazi. Usiwafungie choo wenzao 55 kwa sababu yao. (Na hapo sijagusa mtoto anayeharisha, wala yule anayebana mkojo mpaka anapata maambukizi.)

Jibu linalonisumbua zaidi ni lile la huruma. "Basi msichana aliye kwenye siku zake aje aninong'oneze, nitamruhusu." Mwenye kusema hivyo anadhani ametoa msaada. Atazame anachokiomba. Kama anayeruhusiwa kutoka ni mwenye hedhi peke yake, basi kutoka kwenyewe kumekuwa tangazo. Kila atakayeinuka, darasa zima litajua, na wavulana wa nyuma watahesabu siku zake kwenye kalenda. Tena mnong'ono huo anampa nani? Kuna mabinti wanaoficha kuvunja ungo hata nyumbani kwao, na wana sababu. Katika jamii zetu nyingi habari hiyo ikitoka, watu wanaanza kumtazama mtoto kama mke wa mtu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo anajua fika kwamba kumwambia mwalimu wa kiume "nimeshaanza" ni kumpa kitu ambacho hatakirudishiwa. Ananyamaza. Anaenda nyumbani mapema akisingizia malaria, au haji kabisa siku tatu, na kwenye daftari la mahudhurio tunamwandika mtoro.

Ndiyo maana sitaki ruhusa maalumu ya hedhi. Nataka sheria ya watoto wote: akiomba kutoka, mwache atoke, usimuulize sababu. Mvulana na msichana, kila kipindi, kila mwalimu. Wakitoka wote kwa sababu zote, hakuna atakayejua nani ametoka kwa ajili gani, na yule mwenye damu atapita katikati yao bila kuonekana. Kufuli litoke kwenye choo cha wasichana. Ndani ya mlango pawe na komeo, ndoo yenye mfuniko, maji na sabuni.

Yule binti wa mstari wa tatu nilimwita jioni ya siku ile chini ya mti, tukiwa wawili, nikamwomba radhi. Alitazama chini muda wote. Alisema tu, "Haina shida, Madamu," na nikajua kwamba shida ilikuwepo na kwamba hakunizoea kiasi cha kunieleza. Tangu kesho yake hadi muhula unaisha hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu, hata kwa swali.

Wiki iliyofuata nilikata kipande cha kadibodi kwenye boksi la chaki, nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha karibu na mlango. Niliwaambia: kikiwepo, kichukue utoke, kisipokuwepo, subiri mwenzako arudi, mimi usiniombe. Vikawa viwili baada ya siku chache, cha wavulana na cha wasichana. Juma la kwanza walikuwa wanatoka kama siafu, walikuwa wanajaribu kama nimesema kweli. Juma la tatu zilikuwa zinapita dakika 80 bila mtu kuinuka, siku nyingine wanatoka wawili, siku nyingine watano. Wakitoka naendelea kuandika ubaoni. Kile cha wasichana kilichakaa kabla ya Pasaka, kingo zimelainika kwa kushikwa, nikakata kingine.