Afande, Chomekea Kwanza

Mimi na polisi hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na afande mmoja aliyetukuta kwenye foleni ya benki, akatupita wote kama hatupo, akaegemea dirisha la keshia na kuanza kuchati kwenye simu. Alifuata hela zake mwenyewe, hakuwa akifukuza jambazi! Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa akiilaani feni mbovu tangu tumeingia, lakini ghafla akaiona feni haina tatizo.

Halafu jioni bosi wake anatangaza redioni: "Wananchi, tupeni ushirikiano, leteni taarifa." Nimletee nani? Taarifa ya kwanza si itakuwa ya huyo aliyeniibia nafasi?

Wao wanadhani imani inapotea kwenye yale makubwa ya magazetini tu. Mimi inanitoka kwenye vidogo. Afande shati nje, kofia kwapani, kapakizwa kwenye pikipiki bila helmeti, anashuka kumkaripia dereva asiyefunga mkanda. Na lile jaketi! Jua linawaka, jasho linamtiririka, lakini jaketi limefungwa zipu hadi kidevuni, palepale penye kibandiko cha jina. Ukimuuliza anaitwa nani, anakuuliza wewe unaitwa nani. Na wewe unajibu.

London waliliwaza hili zamani. Mwaka 1829 Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alipoanzisha polisi wa jiji, watu walinung'unika kwamba wanaletewa jeshi. Basi polisi wakavalishwa buluu, wasifanane na wanajeshi wa makoti mekundu, na kwenye kola wakawekewa herufi na namba, ili ukionewa ujue wa kumtaja. Mpango mzuri kabisa. Ila askari aliyeandikishwa namba 1 kazini alifukuzwa siku ileile ya kwanza kwa ulevi. Nilipoyasoma hayo nilifarijika sana. Kumbe kero yangu inakaribia miaka 200.

Kuna msomi wa Marekani, Tom Tyler, aliyechunguza kwa nini watu hutii sheria. Anasema raia hatupimi tu kama tumeshinda au tumeshindwa. Tunaangalia sana kama tumesikilizwa na kuheshimiwa. Mimi ni shahidi. Kuna afande aliwahi kunisimamisha, akanisalimia, akajitaja jina, akanieleza kosa langu. Nikajitetea kwa kirefu, nikachanganya ugonjwa wa shangazi na ubovu wa barabara. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaniambia, "Pole sana, mzee wangu," kisha akaniandikia faini ileile, haikupungua hata senti.

Nililipa huku roho inauma, lakini mpaka leo namsifia. Mke wangu ananishangaa: "Yaani aliyekutoza ndiye unayemsifu?" Ndiyo! Angekuwa na fomu ya kujiunga na kundi la mashabiki wake, ningejaza.

Tatizo, yeye na yule wa benki wanavaa sare moja. Usiku nikimulikwa tochi usoni nikaambiwa "weka pembeni", kwenye giza lile nitajuaje ni yupi? Naweka leseni mkono huu, tabasamu la woga mdomoni, kisha natega sikio nione kitakachotangulia: salamu, au "wewe, unajua mimi ni nani?"