Kiwanja cha ziwani kiko wapi?

Jamani, madalali wa viwanja wa Mwanza wananimaliza! Nataka kitu kimoja tu: nikistaafu nijenge kanyumba, niamke asubuhi nilione Ziwa Victoria. Ni dhambi?

Dalali anasema, "Kinagusa maji, mzee." Nafika upande wa Kayenze, natembea mpaka soli zinaachia, maji siyaoni. Eti panda juu ya lile jiwe, utayaona. Nimekuja kununua jiwe mimi? Kingine kinagusa maji kweli, tena kupita kiasi: ziwa lilipopanda mwaka 2020, bikoni zote za mipaka zilizama. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukimwuliza dalali, anajibu, "Hapa wote wanajenga." Siku tingatinga likija, litabomoa nyumba ya nani? Yake?

Na kila safari unatoa hela ya kuonyeshwa! Ukikipenda, wanaibuka wenye kiwanja watatu: mjane, mtoto wa mke mkubwa, na mwingine yuko Dar, hapokei simu. Hati? "Inashughulikiwa." Tangu lini?

Nyie mliopata, mlipataje?