Bastola ya mfukoni: uangalie mkono wako kwanza, jina la bastola baadaye

Arusha hii mtu akishamaliza kuzunguka na makaratasi yake, kuanzia serikali ya mtaa mpaka kamati ya ulinzi na usalama mpaka polisi, akapata kibali, kitu cha kwanza anawauliza wenzake ni nichukue ipi, na jibu karibu kila mara ni lile lile, chukua ndogo kabisa mangi, ile inazama mfukoni hata mtu wa karibu hajui. Basi anaenda dukani anachukua kale kadogo kuliko vyote, anakaweka mfukoni pamoja na funguo za gari na chenji, na hapo ndo anaamini yuko salama. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Naona wafanyabiashara wenzetu, watu wa madini, watu wa hadwea, mawakala wa kutuma pesa, wanaingia kwenye jambo zito namna hii kwa kuangalia udogo peke yake.

Ukweli ambao wauzaji wengi hawausemi ni kwamba bastola inavyozidi kuwa ndogo ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuipiga. Uzito ndo unameza teke la risasi, sasa ukiupunguza uzito lile teke linaenda wapi kama siyo kwenye kiganja chako? Chukulia Ruger LCP iliyotoka 2008, ikiwa tupu ina kama gramu 270 tu, inabeba risasi 6 za kipimo cha .380 kwenye magazini na moja kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, na ukiwa na suruali ya kawaida hakuna anayeiona. Kwa kubeba ni raha tupu. Ila ishike sasa, kitako kinatosha vidole viwili, kidole cha mwisho hakina pa kukaa, zile alama za kulengea kwenye matoleo ya mwanzo ni vinundu vidogo mno ambavyo jioni huvioni, triga ndefu kuvuta, na ukipiga inaruka mkononi mpaka unashika upya. Mtu akipiga magazini mbili anaanza kutafuta sababu ya kuacha, na akishaacha hiyo siku hairudii tena, na hapo ndipo ninapoumia, maana silaha unayoogopa kufanyia mazoezi hutaiweza siku mbaya ukiwa unatetemeka gizani nje ya geti lako.

Na tuongelee hilo geti, kwa sababu matukio mengi ya huku tunayajua yanavyokuwa. Umetoka dukani na mauzo, umefika Njiro au Sakina, unapiga honi unasubiri mtoto afungue, umekaa kwenye siti na mkanda umefunga. Hebu jaribu leo, silaha ikiwa tupu na umehakikisha mara mbili, kaa kwenye gari yako uone kama unaweza kuitoa kwenye mfuko wa mbele wa suruali. Jinzi inabana, paja limekunjika, mkanda wa siti unapita juu, mkono hauingii, na ukiingia ukaishika kitako ngumi nzima haitoki tena kwenye mdomo wa mfuko. Wengi hawajawahi kulijaribu hili, wanajaribu wamesimama dukani mbele ya kioo. Kama muda mwingi uko kwenye gari au kwenye pikipiki basi mfuko wa suruali haukufai, haijalishi bastola ni ndogo kiasi gani, fikiria mkanda wa kiunoni wenye hosta nzuri, yaani ala ya bastola, chini ya shati. Na hata hali ya hewa ina mambo yake, huku Arusha mwezi wa sita na wa saba kila mtu ana jaketi, unaweza kuiweka mfuko wa jaketi ila itaning'inia upande mmoja na ukivua jaketi ukalitundika kwenye kiti cha mgahawa umeshaiacha silaha kwa watu. Ukishuka Moshi ni joto, shati jepesi, jasho linaingia mpaka kwenye chuma na kutu inaanza kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, na kwenye magazini usipoifuta.

Kuna dada mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Moshi, alishauriwa achukue Walther PPK. Jina kubwa, bastola ya tangu 1931, wazee wanaiheshimu na mimi naiheshimu, ni chuma kweli. Siku ya shabaha nilikuwepo. Alipotakiwa kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie kwenye chemba, akaishika slaidi kwa ncha za vidole, akavuta, ikaja nusu ikarudi, akafuta jasho kwenye kitenge akavuta tena, ikamteleza, mpaka mwalimu akamwambia mama pumzika kidogo. Siyo kwamba hana nguvu, yule anabeba mifuko ya saruji. Ni kwamba PPK mtutu wake haufungwi na slaidi wakati wa kufyatua, kinachozuia nguvu ya risasi ni uzito wa slaidi na springi peke yake, kwahiyo springi lazima iwe ngumu, na ndo maana pia inapiga teke kali kuliko mtu anavyotegemea kwa chuma cha karibu gramu 600. Akapewa Glock 42 ya 2014, risasi ni ile ile .380, uzito kama gramu 390 ikiwa na magazini tupu, lakini hii mtutu unafungwa na slaidi halafu unateremka, springi inakuwa laini. Akaishika kiganja chote, siyo vidole, akasukuma kitako mbele huku anavuta slaidi nyuma, ikakoki. Alicheka mpaka tukacheka wote. Na alipopiga alibaki kwenye karatasi.

Hiyo Glock 42 ni kubwa kidogo kuliko LCP, na ndo point yangu yenyewe. Huo ukubwa kidogo ndo unakupa mahali pa kushika, na bado kwenye mfuko mpana wa mbele inakaa.

Kwa mzee ambaye vidole vimeanza kukaza na hataki habari za slaidi, mimi namwambia bila kuona aibu achukue rivolva ndogo, zile Smith & Wesson za risasi 5 za .38 Special ambazo ukoo wake ulianza 1950. Hazina cha kukoki, hazisahauliki ziko hali gani, na zile zisizo na nyundo ya nje unaweza kufyatua hata ikiwa ndani ya mfuko wa jaketi isikwame kwenye kitambaa. Ubaya wake triga ni nzito na nyepesi zake zinapiga teke vibaya sana. Ipo pia Beretta Tomcat ya .32, hiyo mtutu wake unainuka mbele unaweka risasi kwa mkono bila kuvuta slaidi, kwa mwenye mikono dhaifu ni jambo la maana. Vijana wao wanataka SIG P365 ya 2018 inayobeba risasi 10 za 9mm kamili kwenye kitu kidogo vile, na nawaelewa, ni nzuri kweli, ila ikijazwa inazidi nusu kilo, mfuko wa suruali ya kitambaa unavutwa chini kila mtu anaona una kitu.

Kabla hujalipia chochote uliza risasi. Siyo bei ya bastola, risasi, zipo? Zitakuwepo na mwakani? Kuna mtu ana bastola nzuri ya ajabu, imekaa kabatini maana risasi zake hazipatikani mjini hapa na zile alizonazo anaziogopa kuzimaliza, kwahiyo hafanyi mazoezi kabisa. Na uwe makini na hili neno naini, yaani risasi ya milimita 9, watu wanalisema tu. Kuna 9x17 ambayo ndo hiyo hiyo .380, kuna 9x18 ya Makarov, kuna 9x19, tatu tofauti na haziingiliani, tena ya Makarov hata unene wa kichwa siyo ule ule. Soma kilichochongwa kwenye mtutu na kilichoandikwa kwenye kibali chako, usiende kwa mazoea ya muuzaji.

Na ukishaipata, ifiche. Nasema hivi nikiwa na hasira kidogo maana mji wetu huu una tabia, mtu anaingia baa anakunja shati ili kitako kionekane, mwingine anaiweka mezani karibu na sahani ya nyama choma kabisa, wahudumu wanapita wanaogopa. Ukishaionyesha umemwambia kila mwizi pale ndani kwamba una kitu cha thamani na unakibeba wapi. Tena tusidanganyane kuhusu inachoweza, Agosti 2013 Erasto Msuya, yule mfanyabiashara wa madini, aliuawa kwa bunduki ya SMG kule Hai, na watu waliokuja na SMG hawazuiwi na mguu wa kuku wa mfukoni. Hii ni ya kukupa nafasi ya kutoka kwenye hatari ya karibu, mita chache, basi. Na sheria nayo ipo, Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi tu inayohitajika kujikinga, ukizidisha unajibu wewe mwenyewe mahakamani. Kijana anayekimbia na simu yako keshageuza mgongo, huyo siyo wa kupigwa risasi.

Sasa mfuko wenyewe. Rafiki yangu mmoja wa Mirerani aliniletea bastola yake akilalamika inakwama. Tukaitoa magazini, tukaangalia chemba, tukaifungua juu ya gazeti. Jamani, ndani ilikuwa nyeusi tii, lile vumbi la kinywe la machimboni limechanganyika na mafuta limekuwa uji mzito, kwenye reli za slaidi kuna nyuzi za mfuko zimejisokota, na chini kabisa ya magazini tulikuta njiti ya kuchokonolea meno. Njiti! Anaibeba hivyo hivyo bila hosta, na sarafu, na kiberiti, na triga iko wazi kwenye huo mfuko, kitu chochote kigumu kingeweza kuingia pale kikaisukuma. Nilimwambia ndugu yangu hapa tatizo siyo bastola kukwama, ushukuru Mungu kwamba paja lako lipo.

Kwahiyo mfuko wa silaha ni wa silaha peke yake, hakuna kingine kinachoingia humo, hata noti ya elfu moja. Kila wiki unaifuta vumbi na nyuzi. Kuhusu kuweka risasi kwenye chemba watu wanabishana sana, msimamo wangu ni kwamba anayeanza abebe chemba ikiwa tupu mpaka mwalimu aliyemfundisha amwone anachomoa vizuri bila kidole kugusa triga, na mwenye zile bastola kuukuu za urithi, vile vi-.25 vya babu, asiweke risasi kwenye chemba kabisa kwa sababu nyingi hazina kizuizi cha ile pini inayogonga risasi, ikidondoka kwenye sakafu inaweza kulia yenyewe. Nyumbani inalala kwenye kisanduku chenye kufuli, siyo juu ya kabati, watoto wanapajua juu ya kabati kuliko wewe.

Hosta ya mfukoni ukikosa dukani mafundi wa ngozi tunao wazuri sana, wale wanaoshona viatu na mikanda wanaiweza kazi hii vizuri tu. Usimpelekee silaha umwachie, hilo sahau, kaa naye hapo hapo na bastola tupu isiyo na magazini achukue vipimo, au mpe umbo lake ulilochora kwenye karatasi ngumu. Mwambie upande wenye manyoya wa ngozi ukae nje ili uishike suruali, maana hosta laini inatoka pamoja na bastola unabaki umeshika mfuko mzima mkononi. Aikaze chini iwe pana kidogo isigeuke ukitembea. Na akitaka kuacha tundu kwenye triga ili ipendeze kama zile za kwenye sinema, kataa, ngozi ipite juu ya triga yote, pande zote mbili.