Bosi Hakupepesuka, Alikuwa Anachechemea

Sawa. Kwa kuwa mwenzangu wa zamu ya mchana ameshatangazia mtaa mzima kwamba nimefutwa kazi kwa kumwita bosi mlevi, wacha niseme mwenyewe. Sijafutwa. Na neno mlevi sikuliandika popote. Niliandika "staggered". Ngojeni kwanza, msicheke.

OB ya getini mnaijua, kile kitabu cha matukio tunachojaza sisi walinzi. Anayeingia anaandikwa, anayetoka anaandikwa, saa na dakika. Supavaiza wetu hataki kusikia Kiswahili humo ndani, ati wateja wanasoma. Sasa mwezi uliopita alifungua kitabu akakuta ukurasa mzima nimejaza "walked". Huyu walked in, yule walked out. Akaniuliza mbele ya watu, "Soja, hujui neno lingine?" Iliniuma, wadau. Mimi nina C+ ya Kiingereza na slipu ninayo.

Nikaenda kwa wale wauza vitabu wa inama pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nikainama, nikainuka na kitabu cha visawe. Shilingi 100, jalada nusu. Ukifungua penye "walk" unakuta maneno yamepanga foleni: koma, lingine, koma, lingine. Hakuna anayekuambia lipi ni la mgonjwa na lipi ni la mwizi. Mimi nikayaona kama mboga sokoni, sukuma, managu, terere, yote si ni kijani? Nikasahau kwamba managu ni chungu.

Basi Jumamosi ile ilikuwa tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za kodi ya VAT. Madam mhasibu alikuwa juu tangu mchana. Saa tatu na dakika arobaini usiku mkurugenzi akafika kutia sahihi makaratasi, mguu umevimba kama muhogo. Alikuwa ametumbukia kwenye mtaro uliokosa kifuniko, mnajua vile vifuniko huishia kwa wauza vyuma. Lifti nayo ilikuwa imekufa. Upper Hill Jumamosi usiku imenyamaza kama makaburini, hakuna wa kuongea naye, nina kitabu changu cha shilingi 100 na kalamu. Nikaandika kwa raha zangu zote.

Jumatatu laptopu ya mtu fulani ikapotea. "Leteni OB." Nikaipeleka mwenyewe chumba cha mikutano, buti zinang'aa. Hapa niseme ukweli hata kama unaniaibisha: nilidhani nitasifiwa.

Sasa tulieni.

Meza ndefu. Mkurugenzi upande wa dirisha, mguu umefungwa bendeji, umelazwa juu ya kiti cha pili, vidole vinachungulia. Madam mhasibu kando yake, mzee wa kanisa huyo, mama asiyekunywa hata soda nyeusi. Supavaiza akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti ya kusoma matangazo ibadani:

"2140 hours. Director staggered into the building."

Kalamu ya madam ikasimama.

"2155 hours. Accountant prowled the second floor corridor."

Mtu akaweka gilasi chini, taratibu, kama anayeogopa kuiamsha. Nami bado natabasamu. Wallahi bado natabasamu.

"2225 hours. Director and accountant crept downstairs together."

Kimya. Nilisikia mashine ya hewa ikipumua. Nikamwona mkurugenzi akiutazama mguu wake, kisha madam, kisha mimi, kwa mpangilio huo. Halafu akauliza, polepole, kwa Kiswahili, na bosi akiacha Kiingereza jua kumeharibika: "Kijana, ulininusa pombe?"

"Hapana, bosi."

"Sasa nilipepesuka vipi?"

Yule dada wa ofisi ya wafanyakazi ndiye aliyenifundisha pale pale, na huruma yake ndiyo iliniua zaidi. Stagger ni mtu anayeyumba, amelewa, amepigwa kichwani, au amebeba gunia limemzidi. Mwenye mguu mbovu ni "limp". Prowl ni chui anayezunguka akitafuta windo, au mwizi akijaribu vitasa vya milango. Mtu anayeenda mbele na kurudi nyuma kwa mawazo, simu sikioni, huyo ni "pace". Na crept? Akamtazama madam, akashusha sauti. Crept inaweza kuwa mwendo wa polepole tu. Lakini weka mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, ngazi na usiku, hapo kila mtu atasoma kunyata.

Nyinyi fikirieni. Chechemea, pepesuka, nyemelea, nyata. Haya maneno niliyajua kabla sijavaa suruali ndefu! Hakuna mtoto wa kwetu anayemchanganya kiwete na mlevi.

Nikaanza kujitetea kwa Kiingereza, kikakwama. Mkurugenzi akasema, "Basi tuonyeshe nilivyotembea."

Nikaonyesha. Mbele ya watu tisa, nimeshika mgongo wa kiti, nikachechemea kwenye lile zulia, buti moja inalia nyi, nyi, nyi. Akasema, "Mguu ulikuwa wa kulia." Nikageuza. Akasema, "Na madam?" Nikaweka mkono sikioni kama simu, nikaenda hadi ukutani, nikarudi. Na ngazi? Nikashuka ngazi ambazo hazipo, nimekunja magoti, hatua moja, napumzika, hatua moja, napumzika. Ilikuwa ni katika hatua ya tatu, makalio yakikaribia zulia, ndipo mathe wa chai alipofungua mlango na sinia yake. Akanitazama. Akafunga mlango bila kuingia. Hiyo ndiyo habari iliyofika getini kwa mwenzangu, na mengine mnayosikia ameongeza chumvi mwenyewe. Sikupiga magoti wala sikulia.

Laptopu ilipatikana kwenye buti la gari la mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Kurasa za OB zina namba, haziraruki, kwa hiyo supavaiza alipiga mstari kwa kalamu nyekundu, mstari mwembamba ajabu, maandishi yote yanasomeka. Madam alinisamehe siku ya tatu. Zamu ya usiku sasa inaandika Kiswahili. Ah, na pasta wa chini niliyemwandika "loitered at the gate", yaani alizurura getini, akingoja teksi, huyo bado hajasoma, tafadhali mninyamazie. Kitabu cha visawe kinauzwa, shilingi 150.

Jana jioni bosi alifika na mkongojo wake, akasimama dirishani kwangu, akachungulia kalamu.

"Leo unaandika nini?"

"Ameingia, bosi."

Akangoja. "Ameingia tu?"

"Ameingia tu."