Jero kwa mwezi: hivi shule ya serikali ni ya nani?

Mwaka juzi nilichaguliwa kuingia kamati ya shule, shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania anayosoma mwanangu, na kikao changu cha kwanza kabisa tulitumia karibu masaa mawili kujadili tangi la maji lililopasuka. Masaa mawili! Na si kwamba wajumbe walikuwa wabishi, ila kila wazo likitolewa linagonga ukuta mahali. Tununue jipya? Hela ya mwezi haifiki, na fungu la ukarabati lilishaisha. Tuchangishe wazazi? Mwalimu mkuu akaruka kama kaguswa na shoti, akasema hapo mniache, hilo lazima lipite kwa mkurugenzi kwanza. Tumwendee diwani? Diwani keshasema bajeti ya halmashauri imepita tusubiri mwaka mpya wa fedha. Mwisho mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, hivi jamani hii shule ni ya nani?

Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana maana nilikuwa natafuta jibu kichwani na silioni.

Ukifuata kwenye makaratasi ndo unachoka kabisa. Sera, mitaala na udhibiti ubora ni Wizara ya Elimu. Uendeshaji wa kila siku ni TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, maana yake halmashauri, maana yake mkurugenzi, chini yake afisa elimu msingi, chini yake afisa elimu kata ambaye wengi bado tunamwita mratibu. Mshahara wa mwalimu unatoka Hazina. Nidhamu yake na kupanda daraja ni Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyoanza kazi 2016. Mtihani wa darasa la saba ni Baraza la Mitihani. Na huko chini kabisa ndo ipo kamati ya shule, ambayo ipo kisheria kabisa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, ina wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, na katibu wake ni mwalimu mkuu mwenyewe, yule yule ambaye kamati inatakiwa imsimamie. Haiajiri, haifukuzi, haipangi ada kwa sababu ada hakuna. Mwalimu akiwa mtoro tunachoweza ni kulalamika, na lalamiko linapanda ngazi hizo zote nilizotaja, likirudi (kama litarudi) mwalimu keshahama.

Sasa twende kwenye hela, maana ndo kwenye utamu.

Tangu Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji, wenyewe mashuleni wanaiita kapitesheni, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Msimbazi mmoja kwa mtoto. Ila haifiki yote, utaratibu ulivyowekwa 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayoingia akaunti ya shule ni 6,000. Gawa kwa miezi 12 unapata 500. Jero! Jero kwa mtoto kwa mwezi, ambayo hapo hapo imeshapangiwa mafungu, ukarabati, mitihani, vifaa, michezo, utawala, huwezi kuchomoa hela ya mitihani ukanunulia tangi. Shule ya watoto 600 inapata laki tatu kwa mwezi. Nikukumbushe tu kwamba mpango huo huo wa 2016 ulileta na posho ya madaraka ya laki mbili kwa mwezi kwa kila mwalimu mkuu. Sisemi posho ifutwe, kazi yao ni ngumu na wengi wanaimalizia humo humo shuleni, nasema tu ukiweka hizo namba mbili kwenye mizani moja unapata picha laki tatu ni kubwa kiasi gani.

Na kuna kitu hakisemwi kabisa. Hiyo 10,000 si ya 2016. Imeanzia kwenye MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa 2002 mpaka 2006, ambapo hesabu ilikuwa dola 10 kwa mtoto, na wakati huo dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi elfu moja hivi. Dola sasa hivi imevuka 2,400. Kwa hiyo dola kumi zimekuwa kama nne huku namba kwenye karatasi iko vile vile, na chaki, saruji na bati hazikukubali kubaki bei ya 2002. Hakuna aliyesimama bungeni akasema tupunguze hela za shule kwa zaidi ya nusu, imepungua yenyewe kimya kimya.

Hapo ndo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema tatizo ni kwamba kila kitu kimepelekwa juu, rudisheni shule kwa wananchi, wachange, wasimamie, waamue. Na kuna wanaosema kosa kubwa mtakalofanya ni hilo hilo.

Nianze na hawa wa pili, maana mtaani wanabezwa sana na mimi naona wana hoja nzito. Wanaokumbuka kabla ya 2016 wanajua. Ada ilifutwa tangu 2001 lakini michango haikufutwa, kulikuwa na mchango wa mlinzi, wa dawati, wa mitihani, wa ukarabati, na mtoto ambaye kwao hawajalipa alikuwa anarudishwa nyumbani saa mbili asubuhi, kila mtu kijijini anajua karudishwa kwa nini. Hata hiyo kapitesheni ilikuwa inapita halmashauri kwanza, ikitoka huko imechelewa au imepungua. Kuipeleka moja kwa moja akaunti ya shule ilikuwa hatua ya maana sana na mtu asije akakudanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Mwaka ule wa kwanza darasa la kwanza lilifurika, watoto ambao hawakuwepo kwenye daftari lolote wakaonekana.

Afu kuna suala la usawa. Mtoto wa Kakonko huko Kigoma anapata 10,000 ile ile ya mtoto wa Kinondoni, Dar. Ni ndogo ndiyo, lakini ni moja. Ukisema kila halmashauri ibebe shule zake kwa mapato yake ya ndani, wenye viwanda na migodi watajenga shule za ghorofa, na wenye ushuru wa mazao tu wataendelea kukaa chini ya mwembe.

Hili si la kufikirika, Marekani wameliishi. Kule shule za umma zinaendeshwa na wilaya za elimu zenye bodi, nyingi zikiwa za kuchaguliwa kwa kura, na sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye kodi ya nyumba za eneo husika. Ukisikia hivyo unasema safi kabisa, mwananchi analipa, mwananchi anapiga kura, mwananchi anamhoji mkurugenzi wa shule kikaoni. Sasa sikia kilichotokea San Antonio, Texas. Wazazi wa mtaa wa Edgewood, wengi wenye asili ya Meksiko, walienda mahakamani, na takwimu za mwaka wa shule 1967/68 zilionyesha shule zao zina dola 356 kwa mwanafunzi wakati jirani zao wa Alamo Heights wana 594. Kinachouma ni kwamba Edgewood walikuwa wanajitoza kiwango kikubwa zaidi cha kodi kuliko hao matajiri! Walijikamua zaidi wakapata kidogo, kwa sababu nyumba zao hazina thamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikawakatalia kwa kura 5 kwa 4. Ilibidi wapambane mpaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo ikawaelewa, na 1993 ukaja utaratibu wa kuchukua kwa wilaya tajiri kupeleka kwa maskini, ambao mpaka leo matajiri wanaulalamikia.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuwaachie wenye eneo wabebe shule yao namuuliza, eneo gani?

Lakini upande ule mwingine nao siwezi kuupuuza, maana nimeuona kwa macho. Wazazi waliposikia "bure" wengi walielewa "hatuhusiki". Mkutano wa wazazi unaitishwa, shule ina watoto 600, wanakuja watu 40, kati yao 30 wamekuja kwa sababu mtoto ana kesi. Mtu aliyekuwa anachangia hata elfu mbili alikuwa na mdomo wa kuuliza ile elfu mbili yangu imeenda wapi, leo hela haitoki mfukoni kwake (inatoka, ila haioni), atauliza nini? Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango, walimu wakakatazwa kushika hela ya mzazi, na ikabaki kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari yake wasimamizi ni mkurugenzi na watu wake. Nia ilikuwa nzuri, iliua unyanyasaji. Iliua na mazungumzo.

Na kusema ukweli michango haikufa, ilibadilisha jina. Nenda kijiji chochote ukaangalie maboma. Wananchi wanasomba mawe, wanafyatua tofali, wanapandisha ukuta mpaka kwenye renta, afu wanasubiri serikali ilete bati. Wengine wanasubiri miaka. Ile nguvu ni kodi kabisa, kodi ya jasho, na inalipwa zaidi na vijiji maskini, maana mjini Dar sijawahi kuona mtu anasomba mawe ya shule Jumamosi asubuhi. Unaona ilivyo? Tumejiambia tumekimbia ubaguzi wa Texas kumbe tumeuhamishia kwenye mabega.

Kuhusu uwezo wa watu wa chini kusimamia hela, mfano ninaoupenda ni ule wa 2021, zile trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19. Humo yalijengwa madarasa 15,000, elfu 12 ya sekondari na elfu 3 kwenye vituo shikizi (vile vishule vidogo vya watoto wanaokaa mbali na shule mama), milioni 20 kila darasa, kwa utaratibu wa fosi akaunti, fundi wa pale pale, kamati za pale pale zinanunua na kupokea vifaa. Na yakasimama, kwa miezi michache! Kwa hiyo habari ya "wananchi hawawezi" tuiache. Ila angalia tena ile namba, milioni 20 kila sehemu. Aliye kando ya lami milioni 20, anayesafirisha saruji kwa boti kwenda kisiwani milioni 20. Ndo shida ya hela inayopangwa mbali, haijui barabara.

Jero nayo ina ugonjwa huo huo. Inahesabu vichwa tu. Shule ya watoto 150 huko pembezoni inapata elfu 75 kwa mwezi wakati mlinzi ni mmoja vile vile na paa linavuja vile vile.

Mimi msimamo wangu ni huu, na najua wengine watanirukia. Mishahara na ruzuku ibaki juu, Hazina ilipe, tena ile 10,000 ipandishwe ifuate bei za leo na kila shule iwe na kiwango cha chini hata kama ina watoto wachache. Hapo sitaki mchezo. Lakini matumizi, namaanisha yale mafungu ndani ya jero, waachiwe walioko pale waamue kati ya mitihani na tangi. Na kwa ukarabati mdogo mdogo halmashauri itoe asilimia fulani kwa lazima, mbona sheria inaibana itoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu? Halafu ile kodi ya jengo tunayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kila mwezi tangu 2021, nani kati yetu anajua imefanya nini mtaani kwake? Sehemu yake ikirudi kwenye shule ya kata hiyo hiyo, kwa ukarabati tu, mzazi atapata tena mdomo wa kuuliza bila mtoto kurudishwa nyumbani. Utaniambia Masaki kwa matajiri watapata zaidi ya Mbagala kwa watu wa kawaida, ni kweli, ndo maana nasema ukarabati tu, na hata hapo sina raha sana nayo.

Na kamati zenyewe si malaika. Kwenye yetu fundi wa madawati alikuwa shemeji wa mjumbe, madawati yakaja mbao mbichi, yakapinda kabla ya muhula kuisha. Ubao wa mapato na matumizi upo nje ya ofisi, mara ya mwisho kuandikwa kitu juu yake mwanangu alikuwa darasa la pili, sasa yuko la nne.

Lile tangi, tulipata hatimaye. Mzazi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akajitolea kutoa bure, na bado ikabidi tuandike muhtasari na barua ya kuomba kibali cha kulipokea, tukasubiri wiki sita huku watoto wanakuja na vidumu kichwani. Siku limefika tukaita fundi rangi, maana mali ya shule lazima iandikwe. Akachovya brashi akauliza, naandika mali ya nani? Mwalimu mkuu akasema halmashauri. Mwenye duka akasema weka jina la duka. Yule mzee wetu akasema andika wazazi. Mpaka natoka kwenye kamati lilikuwa jeusi tupu.