Shangazi kacheza kidumbak, na bado anaumwa

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi Jang'ombe, hapa Zanzibar, na shangazi yangu akacheza kidumbak, ile ngoma yetu ya harusini. Aliinuka kitini, akajifunga kanga kiunoni, akaingia duarani na wenzake. Kesho yake maneno yakatufika nyumbani: "Kumbe yule bibi mzima! Tunachangishwa hela za dawa bure."

Maneno hayo yameniuma, ndiyo maana naandika.

Shangazi ana maradhi ya Parkinson, mwaka wa sita huu. Watu huyajua kwa mkono kutetemeka, lakini yeye kutetemeka kumeshamzoea. Kinachomtesa ni miguu kuganda. Atatoka chumbani vizuri, akifika kizingitini nyayo zinagoma, utadhani zimetiwa gundi. Mwili unataka kwenda, miguu haitaki, na hapo ndipo mtu huanguka. Tulikuwa tukimvuta mkono, "haya shangazi, piga hatua," na kadiri tulivyomhimiza ndivyo alivyozidi kunasa.

Aliyetufungua macho ni mjukuu wake, mtoto wa skuli. Siku hiyo alikuwa akichezea vijiti viwili, anavigonganisha ka-ka, ka-ka-ka, kama apigaye mkwasa, vile vijiti vya kidumbak. Shangazi kanasa mlangoni. Mara akatikisa kichwa, akainua mguu wa kulia, akavuka. Tukabaki kutazamana.

Baadaye nikasoma sababu. Maradhi haya huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, na ikipungua, ule mwendo wetu wa kila siku, wa kutembea bila ya kufikiri, haujiendeshi tena. Mdundo wa nje humpa mgonjwa kitu cha kushika. Mguu unafuata ngoma. Huko Brooklyn, New York, kundi la wacheza dansi la Mark Morris lilianzisha darasa la wagonjwa wa Parkinson mwaka 2001, na mfano wake umeigwa nchi nyingi. Wenzetu wamekodi ukumbi na walimu. Sisi fidla, sanduku (lile besi la kamba) na vidumbak, ngoma zenyewe ndogo, vinakesha mtaani, na mgonjwa tumemfungia ndani "apumzike".

Kliniki moja ilimpa karatasi yenye picha za mzungu kalala chali kwenye zulia, kanyanyua mguu. Mazoezi mazuri, sibishi. Karatasi yenyewe iliishia kupepea jiko. Mtu wa miaka 70 aliyekulia ngomani, kiuno chake anakijua kuliko mchoraji wa picha zile.

Wazee wetu walikuwa na ngoma za wagonjwa hasa. Kibuki, kwa mfano, ngoma ya pepo wanaosemwa wametoka Buki, yaani Madagaska. Mimi mambo ya pepo simo, na mwenye presha au kisukari asije akatupa vidonge akakimbilia kilingeni. Lakini hebu tazama linalofanyika pale: mgonjwa anazungukwa, anapigiwa, anaimbiwa, anaulizwa anataka nini. Nani humuuliza shangazi anataka nini? Sisi humuuliza kama kala dawa.

Na asiyeweza kusimama? Nenda kaangalie maulidi ya homu. Watu wamepiga magoti safu moja, bega kwa bega, wanayumba na kuinama kwa matari, mabega, shingo na mikono vyote kazini. Aliye kitini anaweza kuyumba vivyo hivyo, wala hakuna wa kumcheka.

Turudi harusini. Vidonge vya shangazi, levodopa, vina saa zake; vikikolea anatembea, vikiisha nguvu anakuwa gogo. Basi tulimpa kidonge mapema kabla ya ngoma kuanza, ncha za mikeka tukazikunja asijikwae, na dada yangu akasimama nyuma yake muda wote. Alicheza nyimbo mbili. Ya tatu aliitaka, tukamkatalia, akanuna.

Hizo nyimbo mbili ndizo walizoziona wenye maneno. Asubuhi yake, habari zikitembea kutoka baraza hadi baraza kwamba kapona, mimi nilikuwa chumbani namfunga vifungo vya gauni. Vidole vyake havikuweza hata kimoja. Alikuwa kanyoosha shingo ananingojea nimalize, akaniuliza lile sanduku jana lilipigwa na nani, maana lilikuwa likichelewa.