Huku damu yangu inaulizwa imetoka wapi, nyumbani haiulizwi

Nimekaa na hili jambo muda mrefu nikaona leo niliandike, maana kila tukikutana wenzangu tunaoishi huku Uingereza na likazuka suala la kuchangia damu, lazima kuna mmoja atasema "achana nao hao, hawataki damu ya mtu mweusi". Mi mwenyewe nilikua nasema hivyohivyo.

Ilikua hivi. Nilienda kuchangia, fomu nimejaza vizuri, nesi akaanza maswali: umezaliwa wapi, ushawahi kukaa miezi 6 mfululizo kwenye nchi yenye malaria, mara ya mwisho kwenda ni lini. Nikamwambia nimerudi kutoka nyumbani kama miezi miwili iliyopita. Akaacha kuandika. Akaniambia kwa upole kabisa, rudi ikishapita miezi 4 tangu siku uliyotoka kule, na hiyo siku tutapima antibodi za malaria, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza ukishapambana nayo, kwenye damu yako kwanza kabla haijaenda kwa mgonjwa. Nilitoka pale nimekasirika mno, na kilichoniuma zaidi ni bango lililokuwa mlangoni linaloomba watu weusi wajitokeze. Sasa mnatuita alafu mnaturudisha?

Bango lenyewe baadae nikaja kujua lina sababu ya maana sana. Wagonjwa wa sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu unaowapata zaidi watu weusi, wanaongezewa damu mara kwa mara, kwahiyo wanahitaji damu inayofanana na yao kwa karibu kuliko mtu anayeongezewa mara moja maishani, na kuna aina ndogo ya damu inaitwa Ro ambayo huku zaidi ya nusu ya wachangiaji weusi wanayo, kwa wachangiaji wengine haifiki hata 5 kwa 100. Yaani damu inayotafutwa kama dhahabu iko kwetu, na sisi hao hao ndo tunatoka kwenye malaria. Hapo ndipo ugumu ulipo na siyo kwenye rangi ya mtu.

Maana hebu tuangalie malaria inafanyaje kwenye chupa ya damu. Kimelea kinaishi ndani ya chembe nyekundu, na chembe nyekundu ndizo tunazozitoa pale. Wanaziweka kwenye friji nyuzi 4 hivi, baridi ambayo mtu angedhani inaua kila kitu, lakini kimelea kinaweza kukaa hai humo wiki mbili na zaidi. Mbu akikuuma vimelea vinapitia kwanza kwenye ini ndo vije kwenye damu, chupa yenyewe haina hiyo safari, inamwaga moja kwa moja kwenye mshipa wa mgonjwa. Jambo hili halikuanza leo wala jana, kisa cha kwanza cha malaria kupita kwenye damu ya kuongezewa kiliandikwa mwaka 1911.

Na kuna hesabu moja ilinikosesha usingizi. Mtaalamu mzuri na darubini yake anaanza kuviona vimelea vikiwa kama 50 kwenye maikrolita moja, hiyo ni sehemu ya elfu ya mililita, kitone kidogo sana. Sasa chukulia mtu ana kimelea kimoja tu kwenye hiyo maikrolita. Darubini itasema hana kitu. Kipimo cha haraka kile cha kuchoma kidole nacho kinaweza kusema hana kitu. Lakini chupa aliyotoa ina mililita 450, piga mwenyewe, ni vimelea 450,000 vinaingia kwa mtu ambaye tayari yuko hoi ndo maana anaongezewa damu.

Na huyo aliyetoa hajadanganya, haumwi kweli. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria mwili umezoea, anatembea na vimelea vichache anafanya kazi zake hana hata kichwa kuuma. Kuna ile aina ya malaria inaitwa malariae, hiyo inaweza kukaa kimya mwilini miongo mingi, mtu ashahama, ashazeeka ugenini, bado anayo. Kwahiyo nesi akikuuliza ulizaliwa wapi wakati una miaka 20 huku, hajakutukana.

Marekani wao wana ukali zaidi, aliyeishi nchi yenye malaria akihamia kule anasubiri miaka 3, wakati Mmarekani aliyeenda kutembea tu anasubiri miezi 3. Tangu 1963 mpaka 2015 walihesabu visa 97 tu vya malaria ya kuongezewa damu nchi nzima. Mi hapo naona Waingereza wamefanya la maana kuliko kukufungia miaka kwa miaka, wanasubiri miezi 4 alafu wanakupima. Japo nacho hicho kipimo cha antibodi kina ubaya wake, kinaona nyayo siyo mnyama mwenyewe, unaweza kuwa ulishapona zamani bado kikakurudisha. Mimi nilivyorudi kilinirudisha. Mdogo wangu aliyekuja huku akiwa na miaka miwili alipimwa akaonekana hana, na ni Ro, sasa hivi anachangia, na anatumiwa meseji damu yake ikishapelekwa hospitali.

Haya, tuje nyumbani.

Kwetu chupa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Malaria mara nyingi haimo. Wenzangu wa huku wakisikia hivyo wanashika kichwa wanasema serikali zetu hazijali, na mimi hapo siwaungi mkono. Kuna utafiti wa 2010 uliokusanya tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, katikati yake ilikua kama mchangiaji 1 kwa kila 10 kukutwa na vimelea, sehemu moja Kenya haikufika hata 1 kwa 100 na sehemu moja Nigeria ilikua zaidi ya nusu. Ukiwafukuza hao wote, na yule mama anayevuja damu leba usiku huu utampa nini? Ukisema wasubiri miezi 4 watoke kwenye malaria, watoke waende wapi? Kuiga sheria ya huku kama ilivyo ni kuua watu kwa kukosa damu ukiwa unawaokoa na malaria inayotibika.

Lakini nisichokubali ni ile tabia ya kwamba chupa ikishaisha kuning'inia basi hakuna anayefuatilia. Maana wanaoongezewa damu kwa wingi kwetu ni watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wenye sikoseli, ndo hao hao wasio na kinga ya kutosha. Mtoto wa dada yangu ana sikoseli. Aliongezewa damu, akachangamka, akaruhusiwa, siku ya 11 homa ikamlipukia usiku, dada akadhani ni sikoseli imerudi akampa maji mengi na dawa ya maumivu akasubiri kuche. Ilikua malaria kali. Kwenye hospitali hiyo hakuna aliyemwambia kabla kwamba homa ikija ndani ya wiki hizi chache asisubiri. Kila mtu alilaumu neti. Inawezekana kweli alikua mbu, hakuna anayeweza kuapa, lakini hakuna hata aliyeuliza kuhusu ile chupa.

Na njia zipo jamani. Kumasi, Ghana, mwaka 2014 walijaribu kuipitisha damu kwenye mwanga wa urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho) pamoja na vitamini B2 ili kuharibu vimelea kabla ya kumpa mgonjwa. Waliopewa damu yenye vimelea iliyopitishwa hivyo, 1 kati ya 28 alipata malaria, kwa ambayo haikupitishwa ni 8 kati ya 37. Hiyo ni mashine inataka hela, sawa, tusubiri. Kumwambia mama "akipata homa mlete apimwe, na sema aliongezewa damu" kunataka hela gani?

Na sisi tunaorudi likizo tusijione tuko nje ya hili. Ile kinga uliyokulia nayo inapungua ukikaa huku, na watoto wetu waliozaliwa huku hawana kabisa. Ikitokea ajali barabarani ukaongezewa damu kule, wewe ndo wa kwanza kuugua vibaya, alafu unapanda ndege, homa inakushukia huku kwa daktari ambaye pengine hajawahi kuona malaria. Mwambie mwenyewe. Usimsubiri akisie.

Dada siku hizi akimpeleka mtoto anaandika tarehe ya damu kwa kalamu nyekundu nyuma ya kadi ya kliniki. Mara ya mwisho alinipigia picha akanitumia. Chini ya tarehe ameandika: siku ya 9 homa, nimempeleka saa 5 asubuhi, amepimwa anayo, dawa ameanza saa 6.